Ukitaka kufuga bata wa Aylesbury, anza na mdomo

Wakuu habari za masiku. Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, hasa na watu wetu huku Uingereza wenye nyumba zenye kauwanja nyuma, kwamba wale bata weupe wakubwa unaowapost umewatoa wapi na wanafugwaje, basi leo naandika yote sehemu moja maana nimechoka kujibu voisi moja moja. Hawa ni bata wa Aylesbury. Jina ni la mji, Aylesbury, mji wa soko wa zamani huko Buckinghamshire, mi nakaa kama nusu saa kutoka hapo kwa gari. Hata timu yao ya mpira, Aylesbury United, jina lake la utani ni bata na kwenye nembo yupo bata.

Kabla hatujaenda mbali, bata wa nyumbani msahau kwanza. Yule wa Tanga tuliokua nae, mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyelia ila anakuhemea tu hhhh hhhh, yule ni aina nyingine kabisa. Mayai yake yanaatamiwa siku 35 hivi, ya huyu siku 28. Yule unamkuta asubuhi yuko juu ya bati, huyu kizingiti cha kiganja kimoja tu kinamshinda. Huyu ana uzito jamani. Dume likikomaa linafika kilo 4 na nusu, jike kilo 4 na kidogo, na mwili wote huo umekaa kwenye miguu mifupi. Karibu kila ninachowaambia hapa chini kinatokana na huo uzito, we utaona.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yeye kweli

Hapa ndo wengi wanapigwa, na mi nilipigwa. Mwaka wa kwanza niliona tangazo, bata wa Aylesbury, vifaranga sita, bei ya kueleweka, nikaenda nikalipa nikarudi navyo kwenye boksi nimefurahi balaa. Vikiwa vidogo vyote ni vya njano, vinafanana tu. Wiki zikaenda, midomo ikazidi kua ya chungwa, vikaanza kusimama kifua mbele kama askari wa gwaride, nikaenda kumuonesha mzee mmoja mfugaji akacheka, akasema hawa ni Pekin, aina nyingine ya bata weupe. Muuzaji kumpigia hapokei. Pekin sio bata mbaya, anakua haraka na anataga vizuri, ila sio nilichokilipia.

Kwaiyo usinunue kifaranga bila kuona wazazi wake. Ukifika kwa muuzaji mwambie nioneshe mama na baba, akianza maneno mengi we panda gari rudi. Ukiwaona, angalia mdomo kwanza. Mdomo wa Aylesbury halisi ni wa pinki iliyopauka, ule upinki wa ukucha wa mtu usiopakwa rangi, na ni mrefu, umenyooka toka kwenye paji la uso kwenda mbele. Pekin mdomo wake ni wa chungwa, mfupi zaidi, na kichwa kimeumuka kama andazi. Afu angalia alivyosimama. Aylesbury amelala sambamba na ardhi kama ngalawa, na chini ya kidari kuna mfuko wa ngozi unaoning'inia, kwa wale wa maonyesho unakaribia kugusa chini kabisa. Miguu ni ya chungwa iliyokolea. Manyoya meupe pee, sio weupe wa krimu. Huo weupe zamani ulikua na hela yake, manyoya yaliuzwa yakajazwe kwenye makwilti.

Ila jihadhari kidogo hapo kwenye mdomo. Akikaa sana juani au akila mahindi ya njano sana mdomo unashika unjano, hata wa damu safi. Ndomana wanaopeleka bata kwenye mashindano wanawafungia kivulini kiangazi chote. Watu wa kule walikua wanaamini changarawe nyeupe ya maeneo yao ndo inasafisha midomo, bata akichokonoa humo siku nzima unabaki wa pinki. Kwaiyo ukikuta mdomo una unjano mwezi wa nane usikatae papo hapo, tazama umbo, umbo halidanganyi.

Kwanini machotara wamekua wengi hivi? Pekin waliingia Uingereza mwaka 1873 wakitokea China, wafugaji wakaona huyu ni mgumu, anataga zaidi na gharama yake ndogo, wakaanza kuchanganya, mwisho wa siku kwenye miaka ya 1950 kundi kubwa la Aylesbury lililobaki Buckinghamshire nzima lilikua moja tu. Mchinjaji wa mtaani kwako akikuandikia Aylesbury kwenye bango usimuamini sana, jina limebaki bata ameondoka.

Na kuna aina mbili za Aylesbury humohumo. Wa maonyesho, wale wenye mfuko mrefu, na wa kawaida, mwenye kidari kifupi, mwepesi kidogo. Kama ndo unaanza chukua wa kawaida. Wa maonyesho ni mzuri kumtazama lakini kumpandisha ni shughuli, nitafika huko.

Sajili

Hii fupi ila usiiruke. Uingereza na Wales toka tarehe 1 Oktoba 2024 kila mwenye ndege wa kufugwa lazima asajili serikalini, hata kama ni bata mmoja, na una mwezi mmoja toka uwapate. Ni bure, unajaza fomu onlaini. Sababu ni mafua ya ndege, bata ni hatari zaidi ya kuku kwa hilo maana anaweza kubeba bila kuonesha dalili. Zikitoka amri za kufungia ndege ndani, zinakuhusu na wewe, kwaiyo jenga banda ukijua kuna majira ya baridi hawatatoka nje kabisa. Na kama umepanga soma mkataba wa nyumba, majike yana kelele sio mchezo, saa kumi na moja alfajiri kiangazi jirani yako atakujua jina.

Banda, na hapa uzito unaanza kazi

Ndani hesabu angalau futi 4 za mraba kwa bata mmoja, ukiweza ongeza, maana ya siku za kufungiwa. Bata halali juu ya fito kama kuku, analala chini, kwaiyo usiweke vitu vya juu. Weka maranda mengi au majani makavu ya ngano, unene wa kiganja, mwili ule ukilala kwenye mbao tupu kidari kinachubuka na unyayo unavimba. Mlango uwe mpana, wawili wapite pamoja, maana asubuhi wanatoka wote kwa mkupuo kama abiria wa daladala. Na mlango uwe usawa wa ardhi. Ukilazimika kuweka ngazi iwe ubao mpana wenye mteremko mdogo kabisa, umepigiliwa vipande vya mbao vya kukanyagia. Mi nilikua na banda la kuku la zamani lenye ngazi kali, jike langu moja likaruka badala ya kutembea, likachechemea wiki tatu. Nilikata miguu ya banda siku hiyohiyo.

Hewa ipite juu ya vichwa vyao, bata ana unyevu mwingi, pumzi na mavi, ukifungua asubuhi macho yakakuwasha ujue hewa haitoshi. Baridi yenyewe haiwasumbui, mi wangu wanakaa kwenye theluji wanatazamana tu.

Mbweha sasa. Huku mbweha wapo mpaka mjini, anapita kwenye fensi kama paka, na bata huyu hawezi kuruka wala kukimbia. Usitumie wavu mwembamba wa kuku, anaukata kwa meno. Tumia waya mgumu uliochomelewa, uzike chini au uutandaze nje kwa sentimita 30 hivi asichimbe, na funga mlango kabla giza halijaingia, kila siku, hata siku ya mechi.

Kumbeba

Nimeipa sehemu yake kwasababu sisi tuna tabia mbaya hapa. Ile ya sokoni ya kumshika mabawa yote kwa mkono mmoja kama kikapu, au kumning'iniza miguu juu kichwa chini, huyu utamvunja. Kilo 4 zote zinavuta kwenye kiungo kimoja. Msogeze taratibu kwenye kona, weka mikono miwili juu ya mabawa yaliyokunjwa, afu pitisha mkono mmoja chini ya kidari mwili wote ukae juu yake, kichwa kiangalie nyuma ya kwapa lako. Kinyesi kitaelekea mbele, sio kwenye shati. Hii nilijifunza kwa kufua.

Unyayo ukague kila wiki. Ukikuta kidonda cheusi katikati kimevimba, ni mwiba au kokoto, muwahishe kwa daktari wa mifugo. Watu wa Aylesbury walilijua tatizo la miguu toka zamani, inasimuliwa kwamba kabla ya treni walikua wanawaswaga bata kwa miguu mpaka London, maili 40 hivi, wanawapitisha kwanza kwenye lami halafu kwenye vumbi la mbao, ikikauka wanakua wamevaa viatu. Reli ilipofika mwaka 1839 ikawa wanapanda treni jioni asubuhi wako sokoni.

Maji

Bwawa sio lazima. Lazima ni maji ya kuzamisha kichwa kizima, aoshe macho na pua, ndoo fupi ya plastiki inatosha. Ila utabadilisha kila siku, mara nyingine mara mbili. We weka maji masafi uone, anakuja, anachovya mdomo, anaenda kwenye udongo anatoboa toboa kama cherehani, anarudi anausuuza, anaenda tena, baada ya dakika kumi maji yamekua chai ya maziwa na yeye anakuangalia kama wewe ndo umechelewesha. Weka hiyo ndoo mbali na banda, juu ya kokoto, la sivyo utakua na matope mwaka mzima.

Beseni kubwa la watoto la kuogelea ni zuri ukiongeza vitofali vya kupandia nje na ndani. Na wakati wa kupandana maji yana kazi kubwa, wale wa maonyesho nchi kavu mfuko unamzuia dume, majini uzito unapungua mambo yanawezekana. Dume moja kwa majike mawili au matatu. Ukiweka madume mengi majike yatanyofolewa manyoya ya shingo mpaka yatoke damu, hilo sio la kuvumilia, punguza.

Chakula

Peleti za bata kama unazipata, za kuku wa mayai kama huna. Bata mkubwa nje ya msimu gramu 170 mpaka 200 kwa siku, mi jioni natupia ngano kidogo kwenye maji wanaifuata chini. Wakitaga weka pembeni maganda ya chaza yaliyosagwa, na changarawe ndogo siku zote. Mkate hapana. Najua watoto wanapenda kuwarushia, hapana, huyu akinenepa hatembei, asipotembea miguu inaisha.

Jambo lingine, na hili linawashtua wengi, huku ni kosa kisheria kuwapa ndege mabaki ya jikoni kwako, hata maganda ya karoti yakishapita jikoni yamekua mabaki. Kabeji ukiitoa shambani moja kwa moja ukampa ni sawa. Ukoko wa ugali uliozoea kumrushia bata kwa bibi, huku utupe.

Mayai na kutotoa

Wengi wanaanza kutaga kama mwezi wa pili au wa tatu. Wanataga alfajiri, kwaiyo usiwafungulie mapema, ngoja mpaka saa tatu, la sivyo utayatafuta kwenye matope. Usitegemee mengi, kuna jike linakupa 35 tu kwa mwaka, likijitahidi sana mia na kidogo. Rangi nyeupe au kijani kwa mbali.

Ya kutotoa yaweke sehemu ya ubaridi wa nyuzi 10 mpaka 15, ncha kali chini, yageuze kila siku, na yasizidi siku kumi. Usioshe yenye uchafu mwingi, kula hayo.

Mama mwenyewe usimtegemee sana. Anaatamia vibaya na akikanyaga na zile kilo zake yai limepasuka. Wenyewe wa Aylesbury enzi zile walitumia kuku, wenye mashamba wanafuga bata wazazi wanauza mayai kwa watu wa mjini, na mtu wa mjini ana kuku wake wanaoatamia wamepangwa kwenye maboksi, mpaka ndani ya nyumba anapolala. Mtaa waliokua wamejaa uliitwa Duck End, na ulikua mtaa wa watu wa hali ya chini. Kuku bado anafaa, ila kuku mdogo mpe matano tu, na yai la bata ni zito, saidia kuligeuza.

Kwa inkubeta, yaani mashine ya kutotolea, yenye feni ni nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hivi. Siku ya saba zima taa, piga tochi, lenye mishipa kama buibui mwekundu liko hai, lililo wazi toa kabla halijaoza na kulipuka. Toka hapo mi huwa nafungua dakika chache kila siku yapoe, narushia maji ya vuguvugu kama ukungu, maana mama nae angetoka kuoga akarudi ameloa. Siku ya 25 acha kugeuza, panda unyevu mpaka 70 na zaidi, na usifungue tena. Kifaranga akitoboa anaweza kukaa siku nzima na zaidi bila kuendelea. Usimsaidie. Najua mkono unawasha. Wangu wa kwanza nilimsaidia akatoka damu akafa kiganjani, toka hapo kifaranga akitoboa mi naenda kulala.

Vifaranga

Joto wiki ya kwanza nyuzi 32, punguza kama 3 kila wiki. Usilaze kwenye gazeti, linateleza, miguu inapanuka pande mbili na kwa ndege mzito hivi ukubwani hairudi. Weka taulo la zamani au mkeka wa mpira siku za mwanzo. Maji yafike puani lakini asiweze kuingia mwili mzima, kifaranga asiye na mama hana mafuta kwenye manyoya, analowa mpaka ngozi na anakufa kwa baridi.

Chakula ni staata, kile cha kuanzia cha vifaranga, isiyo na dawa, protini asilimia 18 mpaka 20 kwa wiki tatu, afu ushuke mpaka 15 au 16. Ukiendelea na protini nyingi anakua haraka kuliko mifupa yake, bawa linageukia nje, magoti yanapinda. Bata anahitaji naiasini, ile vitamini B3, zaidi ya kuku, kwaiyo ukitumia chakula cha vifaranga vya kuku changanyia hamira ya pombe. Ukiona kifaranga anapenda kukaa na visigino vimevimba ongeza leo, sio kesho. Zamani vilianzishiwa mayai ya kuchemsha, mikate ya kulowekwa, wali na maini ya ng'ombe, yaani kifaranga ndo alikua anakula bata mwenyewe, lakini mwisho wake ulikua wiki ya nane, kabla hajabadilisha manyoya, anapelekwa London kipindi ambacho nyama za mawindo zimeadimika na bei iko juu.

Hiyo wiki ya nane bado ni muhimu hata kama huchinji, ndo unachagua wa kubaki. Mdomo uliopauka na kunyooka, mwendo usioyumba, mgongo sambamba. Na jinsia sikiliza tu sauti, mkamate umlalamishe kidogo, jike linapiga kwak ya kusikika mtaa wa pili, dume sauti imekwaruza kama mtu mwenye mafua. Manyoya yaliyojikunja kwenye mkia wa dume yanakuja baadae.

Wa Tanga na Mombasa mnaoniomba nitume mayai, haiwezekani hivyo, mayai ya kutotoa yanataka kibali cha kuingiza na cheti cha daktari wa mifugo, na mtu asinishauri habari ya kuyafunga kwenye soksi ndani ya begi. Wa huku huku, mwaka huu nimebaki na madume matatu ya ziada, midomo ya pinki na wazazi wapo utawaona. Mwenye majike aje, alete boksi kubwa lenye maranda, na akifika aoneshe kwanza anavyobeba.